Hodi Kila Robo Saa

Barua ilikuwa na mistari minne.
Kampuni inafungwa tarehe thelathini Juni,
leseni hazitahuishwa,
tunawashukuru kwa miaka yote,
na chini yake jina la mfilisi, si la Pentti.

Pentti wa Tampere sijawahi kumwona uso.
Miaka kumi na sita nimeijua sauti yake,
kikohozi cha sigara, mbwa akibweka nyuma,
akinisomea amri herufi kwa herufi
usiku ule seva ilipozimia katikati ya mitihani.
Nilimpigia. Simu iliita mpaka ikachoka.

Nikabaki na programu isiyo na mwenyewe.
Kazi yake ilikuwa ya bawabu:
simu ya mwanafunzi inapiga hodi kwenye antena,
yeye anauliza, nani? wa darasa gani? nenosiri?
halafu anasema karibu, au anakaa kimya.
Watu elfu mbili na mia tatu kwa siku
na hakuna aliyejua kwamba ameulizwa.

Jalmari, kijana wangu wa pekee ofisini, alisema
tuchukue ile ya bure, tuijenge wenyewe.
Bwana fedha alitaka ya kukodi tena.
Nikasema kikaoni, kwa uchovu tu:
cha kuazima hakisitiri matako.
Kimya.
Kisha akacheka, akatia sahihi.

Julai, Kajaani haina usiku.
Tukipanda kutoka chumba cha chini ya maktaba
hatukujua kama ni saa nne ya asubuhi au ya usiku,
jua lilikuwa palepale, juu ya misonobari.
Printa ya wauguzi ilikataa cheti kipya.
Profesa Sulevi alikataa nenosiri jipya,
kisha akaliandika kwenye karatasi ya njano
akalibandika kwenye kioo, watu wote walione.

Tarehe kumi na moja Agosti nikaizima ya zamani.
Feni ilipungua, ikapungua,
kama mtu aliyesahau mwisho wa sentensi.

Kesho yake, kwenye kumbukumbu za mpya,
palikuwa na mmoja aliyekataliwa mara tisini na sita.
Hana jina. Namba tu, na hodi kila robo saa,
usiku kucha, bila hasira.
Katika orodha ya zamani alikuwa mstari wa saba,
umeandikwa mwaka elfu mbili na tisa:
Usimguse. Veikko.
Na Veikko tulimzika majira ya theluji, miaka mitatu iliyopita.

Nilitembea na kompyuta mkononi, nikifuata nguvu ya mawimbi,
korido hii dhaifu, ile afadhali kidogo,
ngazi, ngazi nyingine,
mpaka paa la karakana ya useremala.
Kisanduku cha ndege, cha mbao, kimepigiliwa misumari,
ndani yake kamera ndogo kuliko kidole gumba.
Kioo chake kimezibwa na kinyesi, tabaka juu ya tabaka.
Miaka yote ilikuwa ikituma giza,
picha moja ya giza kila robo saa,
na programu ya Pentti ikiijibu karibu, karibu.

Haijui lugha mpya, wala haifundishiki.
Ing'oe, alisema Jalmari, hilo ni tundu la wezi.
Ana haki.
Nilishika waya. Mlikuwa na manyoya mle,
na ganda la yai, jepesi kuliko pumzi.
Nikafuta kioo kwa mkono wa sweta.
Sasa inaona, na haina wa kumwambia.

Wanafunzi walirudi Septemba, wakaunganishwa.
Hakuna aliyeuliza lolote; ndiyo sifa ya kazi yetu.
Mimi hufika saa moja na nusu, kahawa bado ya moto.
Mlango sijaufungua, wala sitaufungua.
Lakini saa mbili kasorobo,
mstari mwekundu unapotokea,
mimi, peke yangu chini ya vitabu vyote vile,
husema kwa mdomo:
nimekusikia.